Neno la Njia Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kaniuliza tena kuhusu jiwe la kaburi la baba yake. Jumamosi ukoo mzima unakuja kuliweka. Nimemwambia atulie, mchonga mawe si mumewe? Jina tayari, bado tarehe. Lakini leo Miwani, mchongaji wa karakana ya jirani, kamwambia mteja wangu kwamba kazi zangu ni "trivial". Kwa Kiingereza! Mteja akacheka, akahamia kwake.

Jumanne, 4 Machi
Sikugusa patasi. Nimeshinda kwa mwalimu mstaafu na kamusi yake nene. Maana: dogo, lisilo na uzito. Imeniuma. Ila asili yake! Kilatini, mahali njia tatu zinapokutana, ambapo watu wa kawaida walisimama kupiga soga. Ndiyo maana likawa neno la mambo ya ovyo. Mwalimu kasema nisilitie moyoni. Nimelitia kichwani: penye njia tatu ndipo penye wateja. Mke wangu kauliza tarehe. Nimemjibu haraka ya nini, marehemu haendi popote. Kanigeuzia mgongo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimehamia pale sokoni zinapokutana njia tatu. Miwani ataona! Jiwe la baba mkwe nililitanguliza kwenye mkokoteni, liwe tangazo. Lori likapiga honi. Mimi niliruka, mkokoteni haukuruka. Jiwe limepasuka katikati ya jina.

Mke wangu alikuja, akapiga magoti barabarani kuokota vipande. Nikamweleza asili ya neno, ili aelewe nilifikaje pale. Akasema baba yake alimwonya juu yangu, naye miaka yote akawa ananitetea. Akafunga mzigo, akaenda kwao. Nyumba imepoa. Nimelia, sifichi.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, kachukua jiwe jipya kwa Miwani. Makaburini nilisimama nyuma kabisa, hakuna aliyenisogezea nafasi. Mke wangu alilia mpaka akashikiliwa. Hakunitazama hata mara moja.

Wakati wa sala wote walifumba macho. Nikapenya hadi mbele na rula yangu. Herufi ya nne ya jina imeinama! Kidogo sana, lakini imeinama. Kesho asubuhi nakwenda ukweni kumweleza mke wangu. Akishajua, atarudi mwenyewe.