Alizeti Ishirini na Mbili za Fundi Saa

Jumatatu, 3 Machi

Zimenipita kimo! Alizeti zangu zote ishirini na mbili, mstari mmoja ulionyooka kama rula, hatua mbili kutoka ukuta wa jirani. Vichwa bado vimefumba. Ila vinageuka! Asubuhi vinatazama ukuta, jua likichomoza juu ya paa la jirani huyo, Nesi Mstaafu. Saa kumi jioni vyote vimegeukia baraza langu la nyuma. Mimi na chai yangu, vyenyewe vimesimama kama jeshi linalosubiri amri. Nimevipigia saluti. Mke wangu ameniona, akaingia ndani.

Nimempigia simu mama mkwe. Aje Jumapili ya tarehe 16, saa kumi kamili, akae barazani, atazame. Miaka mitatu iliyopita, mbele ya mabinti zake wote, alichungulia nyanya zangu akasema mkono wangu unafaa kwa vitu visivyo na roho. Alimaanisha saa, ambazo ndizo kazi yangu. Mashemeji walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Sijasahau. Jumapili hiyo atameza maneno yake, tena bila maji.

Ijumaa, 7 Machi

Ua la kwanza limefunguka. Kubwa kama sahani! Limefunguka likitazama ukuta. Nimesubiri ligeuke. Saa sita. Saa nane. Saa kumi. Wapi! Mke wangu amesema labda limechoka. Nimemwambia ua halichoki, halina miguu.

Jumapili, 9 Machi

Kumi na manne yamefunguka. Yote yanatazama kwa Nesi. Kwangu ni visogo vya kijani tu.

Nesi amechungulia juu ya ukuta kunishukuru. Amesema tangu astaafu hajanywa chai mbele ya kitu kizuri namna hii. Ameshahamishia kiti chake uani. Chai! Mbele ya alizeti zangu!

Nimemuuliza, kama mzaha tu, yamepatwa na nini. Amesema alizeti ikishafunguka haifuati jua tena, inabaki imetazama mawio. Eti kila mtu anajua. Nimeitikia kwa kichwa kama mtu aliyejua tangu tumboni mwa mama yake.

Miaka ishirini na sita narudisha mishale ya saa za watu mahali pake. Shingo ya ua ndiyo itanishinda?

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata! Kama ua linataka jua la asubuhi, nitaliletea jua la asubuhi, ila litokee barazani kwangu. Nimekifungua kioo kirefu cha kabati la nguo, nikakiegemeza kwenye nguzo. Saa mbili jua limepiga kioo. Mwanga huo! Umepita juu ya vichwa vya maua, ukavuka ukuta, ukatua kwenye kamba ya kuanikia ya Nesi.

Saa nne Nesi ameshukuru tena. Mashuka yake hayajawahi kukauka mapema hivi.

Alizeti hazijatikisika. Mke wangu ameuliza atajitazamia wapi. Nimemwambia ajitazame kwenye sufuria kwa siku mbili tatu. Nilikosea kusema hivyo. Nimekula chakula cha baridi.

Jumatano, 12 Machi

Upole umekwisha. Nimefunga kila shingo kwa kamba ya katani, nikaivuta taratibu kuelekea barazani, nikaikaza kwenye vigingi. Jana jioni zote zilinitazama! Kwa kujilazimisha kidogo, ndiyo, kama watu kwenye picha ya pasipoti. Lakini zilinitazama.

Leo asubuhi: shingo tatu zimevunjika. Moja imeng'oka na mizizi yake, imelala kifudifudi. Zimebaki kumi na nane, na zote zimerudi zilikotaka. Nimezifungua. Mke wangu amesema, kwa upole uliozidi, nimwambie mama yake aje siku nyingine. Nimekataa. Mama mkwe ameshakata tiketi ya basi. Na mimi nimeshasema.

Jumamosi, 15 Machi

Usingizi umenipa jibu. Kama maua hayamgeukii mama mkwe, mama mkwe ayaendee maua! Kati ya alizeti na ukuta kuna hatua mbili. Kiti kinaingia. Nimekiweka, nimetandika mto, nimekaa kukijaribu. Uzuri ulioje! Nyuso kumi na nane za dhahabu, zote zinanitazama mimi. Karibu nitokwe na machozi.

Sikuwa nimefikiria nyuki. Upande wa visogo hawaonekani. Upande wa nyuso ndiko soko lao liliko. Nimeruka, kiti kimenasa, mto umebaki. Mmoja amenidunga mdomo wa juu, mwingine wa chini.

Jumapili, 16 Machi

Midomo imevimba mpaka naiona bila kioo. (Kioo nimekirudisha.) Naweza kusema "mmm" tu.

Mama mkwe amefika saa kumi kamili. Amekaa barazani, ametazama visogo kumi na vinane. Amenitazama mimi. Ameuliza kama hayo ndiyo maua aliyosafiria. Nikasema "mmm."

Hapo Nesi akaja na dawa ya uvimbe. Mwema kupita kiasi, mama yule. Akamwalika mama mkwe kwake akayaone maua vizuri. Wote tukaongozana, mimi nyuma kabisa.

Mama mkwe alisimama uani kwa Nesi akashika kifua. "Dada yangu," alisema, "wewe una mkono!"

Nesi akasema yeye hajapanda hata moja, ni ya fundi.

"Usimtetee," alisema mama mkwe. "Namjua. Nyanya zilimshinda."

Nikataka kuongea. "Mmm! Mmm!" Nikajipiga kifua, nikayaonyesha maua, nikajipiga tena. Mama mkwe akamuuliza Nesi kama sumu ya nyuki hupanda kichwani.

Ndipo mke wangu akasema. Huyu ambaye tangu Jumatano amekuwa akipumua kwa nguvu tu. Alisema ni yangu. Alisema kwa miezi miwili ameniona nikiamka kabla yake kuyamwagilia, na asubuhi moja alinikuta nikiyaambia yanyooke, nikiyaita wanangu. Sikujua kama alisikia. Nilitazama viatu vyangu.

Mama mkwe aliyapitia yote kwa macho, moja moja. Kisha akanigeukia. "Sasa mkwe wangu, kama ni yako, mbona yamekupa mgongo?"

Nesi alicheka. Mke wangu alicheka. Mama mkwe alicheka mpaka akakalia kiti cha Nesi. Halafu alinishika bega, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi, akasema ni mazuri kweli, na nastahili pongezi. Mwaka ujao niyapande mbele ya nyumba, upande wa geti. Hapo yakitazama mawio yatakuwa yanaitazama nyumba, na kila mtu atayaona toka sebuleni.

Wote walinitazama kuona kama nimeelewa.

"Mmm," nilisema.

Jumamosi, 26 Aprili

Mdomo ulipona zamani. Vichwa vimekauka, mbegu zimejaa debe. Mke wangu amelima kipande karibu na geti, ameniachia jembe palepale, mahali ambapo siwezi kulikwepa. Nimelikwepa.

Geti! Mimi nihamishwe na ua, kwenye kiwanja changu mwenyewe? Mama mkwe alimaanisha vizuri, lakini hana elimu ya mitambo. Kosa halikuwa mahali. Kosa lilikuwa mwanzo. Mbegu ya alizeti ina ncha, kama mshale wa saa, na mimi niliziangusha ovyo tu shimoni, kila moja imetazama kwake.

Leo nimepanda ishirini na mbili mpya, mstari uleule, chini ya ukuta uleule. Kila mbegu nimeilaza kwa kibanio cha kazini, ncha imeelekea barazani. Imenichukua asubuhi nzima. Ya kumi na saba ilizunguka nilipomwagia maji. Nimeifukua, nimeirekebisha.

Jioni nimempigia simu mama mkwe. Atakuja Julai.