Kiti cha Jenerali Aliyenyolewa Nusu

Jumatatu, 3 Juni

Siku mbaya. Mteja mmoja tu, naye ana upara. Kumbe hata mteja hakuwa! Aliomba kuegesha baiskeli ukutani kwangu, kisha akavuka barabara kwenda kunyoa ndevu kwa Kioo. Kwa Kioo! Kijana wa juzi tu. Tunamwita hivyo kwa sababu amebandika vioo kila mahali, hata darini, kana kwamba watu hunyolewa wakitazama mbinguni. Ana muziki. Ana feni. Mimi nina ujuzi, lakini ujuzi haupigi ngoma mlangoni, ndiyo shida yake.

Nikaketi kwenye kiti changu cha kunyolea, nikawaza. Mara nikagundua kwamba jibu nimelikalia!

Kiti hiki kina historia. Mtaa mzima unaijua, nimewasimulia mwenyewe. Wakati wa vita niliingia peke yangu kambini kwa adui. Nikamkuta jenerali wao ameketi, povu usoni, nusu ya ndevu imenyolewa, nusu bado. Nikamwambia samahani mkubwa, zamu yako imekwisha. Akatoka mbio na povu lake. Mimi kiti mgongoni, milima na mito, mpaka nyumbani. Hiyo ndiyo ngawira: mali ya adui iliyotwaliwa vitani na mwanamume wa kweli.

(Hapa ni faragha, kwa hiyo niongeze jambo dogo. Jeshini nilikuwa kweli. Nilikuwa jikoni, lakini jiko la jeshi ni jeshi. Adui nilimwona gazetini. Kiti alikinunua Bi Kitana, msusi wa chumba cha pili, kwa daktari wa meno aliyefunga kliniki, akaniachia nifanyie kazi. Lakini habari ya namna hiyo inavuta mteja gani?)

Jioni nimechora bango: KITI CHA NGAWIRA. JENERALI ALIKIKALIA, WEWE NANI USIKIKALIE? Bi Kitana akatoka kulisoma. Alicheka mpaka akashika nguzo, huku ndani mteja wake anapiga kelele kwamba amesukwa upande mmoja tu. Akaniuliza, baba wee, lile tundu la beseni la kutemea mate utalielezaje? Nikamwambia ni tundu la risasi. Akarudi ndani anafuta machozi.

Jumatano, 5 Juni

Bango limeua! Foleni mpaka kwa muuza vocha. Kila mtu anataka kutia kidole kwenye tundu la risasi. Leo jenerali amekuwa mrefu zaidi, na walinzi wameongezeka. Hata mzee wa baiskeli amerudi kwangu. Ajabu, alipoegemea tu akaachama kinywa wazi bila kuambiwa, mwenyewe hajui kwa nini. Nikamfunga kinywa taratibu, nikaendelea na kisogo.

Kioo alisimama mlangoni kwake, mikono kifuani. Akauliza kwa sauti ya kusikika kama lile povu la jenerali nililiosha au bado nalitumia. Wivu.

Mchana alipita mpwa wangu, binti wa dada yangu, yuko chuo kikuu. Akasoma bango, hakucheka. Akasema, Mjomba, hujawahi kuniambia! Kumbe mhadhiri wake anaandika kitabu kizima juu ya ngawira, na yeye mpwa wangu ndiye anamtafutia mashahidi. Amehangaika kwa miezi, wazee wote wanamwambia wamesahau. Asipopata shahidi wa maana, nafasi yake ya kuendelea na masomo anapewa mwingine. Akanishika mikono. Nikamwambia alete mhadhiri, na chuo chenyewe akipenda alete.

Jioni nimekula kwa Bi Kitana. Mimi na yeye tuna uhusiano wa kisasa. Hakuna posa, hakuna pete, hakuna maswali. Naenda nikitaka, naondoka nikitaka. Yeye husema naenda akitaka, naondoka akitaka. Tofauti ndogo ya maneno.

Ijumaa, 7 Juni

Mhadhiri amekuja! Mama mfupi, mkoba mkubwa, kinasa sauti chenye taa nyekundu. Mpwa wangu alinionya kwamba anaitwa daktari lakini hatibu mtu. Nilimketisha kwenye kiti chenyewe. Wateja watano wakaacha kusubiri, wakaanza kusikiliza.

Nilimpa jenerali, povu, milima, mito. Nikaongeza mamba. Aliandika kila kitu, hata mamba.

Kisha akanieleza wasomi wanasemaje. Wasomi wa kale walisema ngawira ni haki ya mshindi, ni mshahara wa jasho lake. Nikamwambia hao ndio wasomi! Akasema wa siku hizi wanaona ni wizi tu uliovaa sare. Nikamwambia hao hawajawahi kubeba kiti. Akasema lipo kundi la tatu, na yeye yumo humo, linalochunguza jinsi lugha ya vita inavyorudi nyumbani. Mwanamume ana mwanamke wa kupita tu, hana ahadi naye, basi kijiweni anasema nimemteka, nimemnasa, nimemweka mfukoni. Kana kwamba mtu ni redio iliyookotwa uwanja wa vita. Akauliza kwa upole kama mimi niliwahi kuwa na ngawira ya aina hiyo.

Hapa ningekohoa tu. Lakini taa nyekundu ilikuwa inawaka. Na wateja watano!

Nikasema tena unauliza? Yule msusi wa chumba cha pili nilimteka bila risasi hata moja. Alininyooshea mikono mwenyewe. Nimemweka pale, nampitia nikipata nafasi, sina mkataba naye, analia nikichelewa. Wateja wakapiga makofi. Mhadhiri akageuza ukurasa. Mpwa wangu akatazama dari.

Ukuta kati yangu na Bi Kitana ni wa mbao nyembamba. Upande wa pili walikuwa wanapiga soga tangu asubuhi. Ghafla kimya. Nikasikia kitana kinawekwa mezani, polepole.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda jioni kama kawaida. Komeo! Nikabisha. Akafungua dirisha kidogo tu, akasema kwa adabu kubwa kwamba ngawira haina ruhusa ya kufungua mlango, nimsubiri mwenye mali. Nikasema mwenye mali si ndiye mimi? Akasema basi fungua, mheshimiwa. Nikajaribu. Komeo liko ndani.

Akiniita baba wee, niko salama. Akiniita mheshimiwa, hali ni mbaya.

Nimelala na njaa. Nilijikaza kisabuni.

Jumanne, 11 Juni

Balaa! Mhadhiri amerudi na bwana wa jumba la makumbusho, shati limenyooka kama karatasi. Wamejaa furaha. Mhadhiri amesema msimamo wake unajulikana: kilichotwaliwa vitani kirudi kwa wenyewe. Wataitafuta familia ya jenerali ng'ambo ya mpaka. Wakati huo kiti kitahifadhiwa nyuma ya kamba nyekundu, na jina langu kwenye kibao, shujaa aliyerudisha. Lori linakuja Ijumaa. Bwana wa shati akanipongeza kwa moyo mkubwa. Moyo wenyewe ulikuwa umeshuka magotini.

Mpwa wangu alikuwa analia kwa raha. Mhadhiri amemwahidi nafasi. Mwenyewe anasema ni kwa sababu ya mjomba wake.

Sasa fikiria. Nikisema ni ngawira, kiti kinaondoka, nanyoa watu wamesimama kama mbuzi. Tena si changu! Nikisema si ngawira, mpwa wangu ameleta shahidi wa uongo, nafasi kwaheri, na dada yangu atanitafuta kwa mwiko. Nimemwambia bwana wa shati kwamba ni heshima kubwa. Kioo alivuka barabara kunipa mkono. Akaniahidi kigoda cha bure.

Jumatano, 12 Juni

Nimepata njia! Vita ni hila. Nimechukua kiti cha jikoni kwangu, nikakipaka rangi nyeusi, nikakitoboa tundu pembeni kwa msumari wa moto. Hiki ndicho watakachobeba.

Saa moja baadaye mpwa wangu akapita. Akauliza mbona kile ni cha mbao, na picha zote walizopiga zinaonyesha chuma. Nikasema chuma kikizeeka hubadilika. Akanishika paji la uso. Kisha akaniuliza, Mjomba, una homa?

Rangi haijakauka. Nimeikalia. Suruali pekee ya maana.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemeza kiburi, nikamtuma mpwa wangu kwa Bi Kitana. Aseme tu kwamba kiti ni chake. Nilimwagiza aliseme jambo hilo kama fununu aliyoisikia, asiseme limetoka kwangu.

Akarudi ameshika mdomo asicheke. Bi Kitana amejibu hivi: tangu lini ngawira ikamiliki kiti? Mali inamiliki mali? Nendeni mkawaulize wasomi. Akamtuma pia aniulize kama nimeshalia leo, maana yeye hulia nikichelewa, basi tupeane zamu.

Maji ya shingo. Nikamwambia mpwa wangu ukweli, lakini kidogo tu. Nilimwambia yule jenerali huenda hakuwa jenerali kamili. Akaketi chini. Akauliza alikuwa nani. Nikamwambia ni mtu wa meno.  Alichukua mkoba wake akaondoka bila kuniaga, na hilo limeniuma kuliko njaa.

Ijumaa, 14 Juni

Lori limekuja. Mtaa mzima nje. Wabebaji wanne wameinua kiti chenyewe, kile cha chuma, Mhadhiri ameshika kinasa sauti, bwana wa shati anataka hotuba. Mpwa wangu amesimama nyuma yao, uso wa kijivu. Nikafungua kinywa nimtaje jenerali. Jenerali hakutoka! Mara ya kwanza maishani.

Ndipo Bi Kitana akatokea, aproni kiunoni, vibanio mdomoni. Akavitoa kimoja kimoja. Akamwambia Mhadhiri, shikamoo mama, karibuni, ila hicho kiti mkiweke chini, ni changu. Nilikinunua kliniki ya meno.

Kelele! Bwana wa shati akauliza na tundu la risasi? Mzee wa baiskeli akapenya katikati ya watu, akakitazama kiti, akashika shavu. Akapaza sauti kwamba ndiyo maana aliachama! Hapo ndipo aling'olewa gego, na kwenye hilo tundu lilikuwapo beseni alilotemea mate akiwa anamlilia mama yake. Kioo akalazimika kushika nguzo ya umeme.

Mhadhiri akamgeukia mpwa wangu. Nikaona nafasi ya mtoto inaondoka pamoja na lori. Nikataka kusema yote ni mimi, yeye hajui kitu. Naapa nilitaka. Sauti ilitoka kama ya kuku.

Lakini Bi Kitana hakuwa amemaliza. Alimwambia Mhadhiri kwamba binti hakukosea, ngawira ipo, ila wamebeba isiyo yenyewe. Akaninyooshea kitana, akasema: Ile pale! Niliiokota msimu wa mvua, paa lake likivuja, ananuka moshi. Inakula kwangu. Nguo zake zinafuliwa kwangu. Anasema anaondoka akitaka, mwulizeni wiki hii amekula wapi. Na nikimchoka namrudisha kwa wenyewe, si ndivyo mnavyofundisha? Dada yake simtafuti ng'ambo ya mpaka, yuko mtaa wa pili.

Mhadhiri akafungua mkoba wake. Kisha akaomba, kwa adabu, kama angeruhusiwa kuwasha taa nyekundu. Wakaingia saluni yeye na mpwa wangu, wakakaa mpaka jioni. Kicheko kilikuwa kinapenya mbao. Mpwa wangu alipotoka alinibusu kwenye upara wangu unaoanza, akasema mhadhiri anaandika sura mpya, na nafasi ni yake, ila safari hii shukrani zinakwenda kwa Bi Kitana.

Kiti kilibebwa na wabebaji wale wale wanne. Hatua chache tu. Kutoka mlango wangu mpaka mlango wa pili.

Jumatatu, 17 Juni

Bi Kitana ameniita. Aliniita baba wee! Masharti yake ni haya. Nihamishie wembe kwake, ninyoe wanaume kwenye kiti kile kile, pembeni, karibu na dirisha. Nifagie nywele, zangu na zake. Jioni nibishe hodi kama watu wengine. Bango marufuku. Nilitafakari kwa kina, kama dakika nzima, nikakubali kabla hajamaliza.

Lakini tuweke kumbukumbu sawa. Ni nini hasa kimetokea? Nimeingia kambi ya upande wa pili mchana kweupe. Nimetwaa kona, kioo, swichi ya umeme na dirisha lenye upepo. Kiti kimerudi mikononi mwangu. Mwenye kambi mwenyewe amenipikia. Bila risasi hata moja! Wasomi waandike hilo.

Nimemweleza mteja wa kwanza asubuhi hii, kwa sauti ya chini, kwa sababu sasa hakuna ukuta wa mbao kati yetu, na mwenye kambi amesimama pale pale. Alisikiliza vizuri mpaka mwisho. Akauliza kama nimeiteka saluni, mbona nimevaa aproni ya maua. Nikamwambia ndivyo tunavyovaa sisi wa kazi maalumu, adui asitutambue. Akauliza na ufagio? Nikamwambia kila mshindi huanza kwa kukagua ardhi aliyoitwaa.

Ametoka ananyoosha shingo kuniangalia. Nadhani ni heshima.

Bi Kitana anaita. Naenda kukagua sakafu.