Kadi za Malkia Zora

Jumatatu, 4 Agosti

Nimezuru makumbusho ya Bi Loveday Hocking, hapa hapa Porthennis, kijiji chetu cha pwani ya Uingereza, kwa sababu mama amenifukuza nyumbani hadi saa ya chai. Makumbusho! Magari sita ya enzi za babu chini ya paa linalovuja, baharia wa mbao anayecheka ukimtumbukizia sarafu kuukuu ya peni, na gereza dogo la bati ambamo kisanamu cha mtu hunyongwa ukitia peni kama hiyo. Watu wazima wanapanga foleni. Taifa limekwisha.

Pembeni, ndani ya kabati la kioo, ameketi Malkia Zora, sanamu ya nta yenye kilemba. Mtie peni, atatikisa kichwa na kutoa kadi ya utabiri, ambayo ukishaisoma unairudisha. Yangu ilisema: "Sikiliza zaidi." Mimi! Mwenye shahada ya falsafa, daraja la kwanza!

Hata hivyo, kuna habari njema. Bi Loveday amechoka, anatafuta msimamizi, na kazi hiyo ina chumba chake juu ya gereji. Mama ameshatamka kwamba nisipopata kazi kufikia Jumatatu ijayo, nitakwenda kukaanga samaki dukani kwa mjomba Jago. Nimeomba. Mwombaji mwingine ni Denzil Rowse, mwuza aiskrimu, niliyesoma naye na ambaye hajawahi kumaliza kitabu. Aliniita Profesa, akauliza kama nimekuja kumfundisha baharia kucheka.

Jumanne, 5 Agosti

Nimegundua siri ya utawala wa mahali hapa. Bi Loveday haamui lolote bila Zora. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, humtia peni, husoma kadi, hutii. Mwaka jana aliuza gari zima kwa sababu kadi ilimwambia "Punguza mzigo." Ushirikina mtupu. Nitautumia.

Nimeandika kadi kwa mwandiko safi: "Aidha, ni dhahiri isiyo na shaka kwamba yafaa kumtwaa kijana aliyesoma, mwenye paji pana la uso, kwani mwuza vitu baridi ataleta maangamizi." Nathari isiyo na dosari. Mchana, Bi Loveday akiwa jikoni na andazi lake la nyama na viazi, nilifungua kabati na kuiweka juu ya rundo.

Alhamisi, 7 Agosti

Zora hutoa kadi kutoka chini. Mpumbavu gani alibuni mtambo huu? Jana Bi Loveday alipata "Kula kwanza," akala. Leo, "Vaa koti, nje kuna upepo," akavaa. Na jua hili!

Nimeleta suluhisho la kimantiki. Nimeondoa kadi zote za zamani, nikazitupa katika pipa la taka kando ya kigari cha aiskrimu cha Denzil, pale mlangoni, na kujaza zangu pekee, zote sawa neno kwa neno. Mkono umekufa ganzi. Kesho, Ijumaa, makumbusho hayafunguliwi; Jumamosi bahati haina tena nafasi.

Jumamosi, 9 Agosti

Maafa. Basi la wastaafu kutoka Plymouth liliwahi kufika; Bi Loveday alipofungua mlango achungulie, wakamiminika ndani kabla hajasoma kadi yake. Bibi wa kwanza alitia peni, akasoma, akanitazama usoni. Wa pili vivyo hivyo. Punde nilikuwa nimezingirwa na vikongwe, kila mmoja akidai ameamriwa anichukue. Mmoja alinishika mkono, akataka kujua kama naweza kuzibua mifereji ya paa. Denzil alicheka sambamba na baharia.

Bi Loveday aliichukua kadi moja, akaisoma taratibu.

"Zora hajasema 'aidha' tangu azaliwe, mwanangu," alisema. "Ziko wapi za Perran?"

Perran alikuwa mumewe. Kumbe kadi zote aliziandika yeye, majira ya baridi yale aliyougua hadi akafa, ili mkewe asikose wa kumwambia neno asubuhi. Ningejuaje? Hakuzitia sahihi.

Nilionyesha pipa. Denzil alikimbia, akarudi nazo zikichuruzika aiskrimu ya stroberi. Zilikuwamo zote, kwa kuwa yeye, kwa uvivu wake, hajalimwaga pipa tangu Alhamisi. Bi Loveday alizipokea kwa aproni, akazipangusa moja moja, kisha akamkabidhi Denzil funguo. Hivi ndivyo uvivu unavyopewa cheo katika nchi hii.

Kwangu alisema tu kwamba mwandiko wangu ni mzuri, basi nizinakili kadi zote zilizochafuka.

"Usiongeze kitu, kipenzi. Hata nukta."

Jumapili, 10 Agosti

Nanakili mezani kwa mama. Marehemu alikuwa mwandishi dhaifu kupita kiasi. Kesho nakwenda kwa mjomba Jago. Aproni yangu imeshapigwa pasi, inaning'inia mlangoni.

Lakini sijashindwa. Denzil ana funguo tu. Mimi ndiye ninayeandika atakayoyatii Bi Loveday kila asubuhi.

Nimefika kwenye "Vaa koti, nje kuna upepo." Mtu aliyesoma hawezi kuiacha sentensi katika hali hiyo. Nimeirekebisha: "Aidha, kwa kuzingatia mwelekeo wa upepo, yafaa kuvaa koti, na kumfikiria upya kijana mwenye paji pana la uso."