Madaktari Watatu wa Miguu Walioshindwa Ukaguzi

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

YAH: MADAKTARI WA MIGUU NA MIGUU YAO WENYEWE

Nakuandikia nikiwa nimeketi, mguu wa kushoto juu ya stuli, na adabu zangu zote nikiwa nazo. Mimi ni mkaguzi wa shule mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikaa dawati la nyuma kwenye madarasa ya watu, nikiandika makosa ya walimu bila chuki na mazuri yao bila upendeleo. Nasema hivi ili ujue kwamba anayelalamika hapa si mtu wa kulalamika ovyo.

Nina kisukari, na chini ya kidole gumba cha mguu huo nina kidonda cha miezi miwili. Hakiumi. Mke wangu anasema kutouma huko ndiko kunakomtia hofu, na kila nikiketi ananiuliza kama nimepata daktari. Binti yetu wa pili, ambaye ni muuguzi mji mwingine, alinitumia kwa simu orodha ya madaktari watatu wa miguu wa hapa kwetu, akasema nimchague yeyote. Yeyote! Mtoto niliyemsomesha mwenyewe. Hata tikiti maji watu huligonga kwanza.

Basi nikatengeneza fomu, nikaipiga mistari kwa rula. Swali la kwanza lilikuwa jepesi kuliko yote: je, miguu ya daktari mwenyewe ikoje? Mwalimu wa hesabu nilikuwa nikimpa hesabu aifanye ubaoni, na hakuna aliyewahi kuona nimemvunjia heshima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Daktari wa kwanza, yule wa juu ya duka la vitambaa, ana chumba safi na picha kubwa ya mifupa ya mguu ukutani. Nilimsalimu, nikamwonyesha fomu, nikamwomba avue viatu. Akacheka. Nikamkazia macho, kama nilivyozoea, mpaka kicheko kikamwisha. Kisha akaniambia nipande mimi kitandani. Nikaandika: Hana ushirikiano. Nikiwa nashuka ngazi nilimsikia akimwuliza mhudumu wake kama mlango wa chini unafungika kwa ndani.

2. Daktari wa pili ni mama wa makamo, mpole, na kwa kuwa alivaa viatu vya wazi nilianza ukaguzi bila kumsumbua. Kucha zake ni fupi na sawasawa. Lakini kisigino cha kulia kina magaga! Nilimweleza hilo kwa upole, mbele ya foleni, ili wagonjwa wote wafaidike. Akajitetea kwamba anasimama kutwa. Kila mwalimu aliyekuja darasani bila andalio la somo alinipa utetezi kama huo. Wagonjwa, ambao nilitegemea wanishukuru, wakamtetea yeye. Mzee mmoja mwenye magongo na mguu mmoja akaniambia nimwache mama wa watu afanye kazi. Nilimheshimu kwa umri wake, ingawa kwa habari ya miguu ana nusu tu ya uzoefu wangu. Alisema ule mwingine ulianza na kidonda kisichouma. Nilimpa pole, nikaendelea na fomu.

3. Daktari wa tatu ni kijana wako wa chumba namba sita hapo hospitalini, na huyu ndiye aliyenifanya nichukue kalamu. Nilipomwomba avue viatu, alivua. Akavua na soksi, akanyoosha miguu juu ya kiti. Mheshimiwa, sijapata kuona miguu mizuri namna ile. Haina sugu, haina kovu, visigino laini kama vya mtoto mchanga. Sasa mtu ambaye hajawahi hata kubanwa na kiatu ataijulia wapi shida yangu? Nikaandika: Hana uzoefu. Nikatoka.

4. Kutokana na uzembe huu wa idara yako, nyumba yangu haina amani. Mke wangu amehamia upande wa madaktari. Jana alisema nitakagua mpaka nisiwe na mguu wa kupeleka, akaingia jikoni, na sufuria zikaanza kugongana. Lawama hii naielekeza kwako.

5. Hivyo naomba madaktari wa miguu wawe wanakaguliwa miguu kila muhula, na matokeo yabandikwe ubaoni. Mkaguzi nipo, na sitaki malipo. Wakati tunasubiri, wote watatu wasimamishwe kazi. Najua mji utabaki bila daktari wa miguu hata mmoja. Nimewahi kukuta shule isiyo na mwalimu hata mmoja, na kwa haki kabisa niliandika kwamba hakuna mwanafunzi aliyefundishwa vibaya.

Nisalimie wauguzi wote, dada wa dirisha la kadi, mama anayepiga deki ukumbini, na hao madaktari watatu, ambao sina kinyongo nao. Mke wangu naye angekusalimu kama angejua nakuandikia.

Ni mimi, nisiyefumbia macho kisigino cha mtu,

Mkaguzi wa Shule (Mstaafu)

Nyongeza: Ili jalada lako likamilike, wote watatu waliniomba nivue soksi, na wote watatu niliwakatalia. Nimeona aibu. Kwa wiki tatu sijaivua mbele ya mtu yeyote, hata mke wangu. Leo nimejifungia bafuni nikajaribu mwenyewe, ikagoma, kwa kuwa imegandana na kidonda, na inatoa harufu. Naogopa, Daktari. Yule kijana alisema yupo mpaka saa kumi, na sasa ni saa tisa na robo. Nimemwita mke wangu, nimemwonyesha. Hakunigombeza, alikwenda moja kwa moja kutafuta teksi. Barua hii nitaiacha dirisha la kadi nikipita, lakini usihangaike kuisoma leo. Mwambie tu kijana asiondoke.