Lalamiko Kuhusu Raba za Breki Zinazoshika Hata Mvuani

Kwa Mama Lekeleni,
Mwenye Duka la Vipuri vya Baiskeli,
Sokoni, Zomba.

Mama mheshimiwa,

YAH: RABA ZA BREKI ULIZONIUZIA, AMBAZO ZINASHIKA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na biashara yako. Mimi ni yule karani mrefu mwenye koti la mvua la kijani, aliyekuja dukani kwako Jumamosi ya pili ya Januari akiwa amelowa hadi magotini. Pengine utanikumbuka zaidi kwa mke wangu, Dorica, kwa kuwa ndiye aliyezungumza.

Dorica alikueleza kwamba kila asubuhi nashuka mlimani kwenda ofisini, jua liwake au mvua inyeshe, hata wakati wa chiperoni, yale manyunyu ya baridi yanayoweza kumaliza wiki nzima bila kukatika. Akakueleza kwamba breki zangu zikilowa hazishiki, na kwamba kwa miaka minne nimekuwa nikiisimamisha baiskeli kwa soli za viatu anavyovinunua yeye. Ukaweka mezani aina tatu za raba. Zile nyeusi ngumu ulisema zinadumu lakini kwenye maji zinateleza kama sabuni. Zile zilizochongwa kwenye tairi la lori ulisema ni za mtu anayekaa tambarare. Za tatu zilikuwa ndefu, laini, rangi ya udongo, zenye mifereji ya kutolea maji.

Mimi nilichukua za tairi. Ukaniuliza, "Baba, njiani kwako kuna nini hata hutaki kusimama?" Nikatazama nje. Dorica akakwambia, "Mpe za udongo."

Sikukimbilia kulalamika, Mama. Nimezipa raba hizo mwezi mzima zijirekebishe. Zimeshika kwenye mvua ya mawe, zimeshika kwenye matope ya pale darajani, zimeshika asubuhi ya ukungu nilipokuwa sioni hata gurudumu langu la mbele. Hazijashindwa hata siku moja. Madhara niliyoyapata ni haya yafuatayo:

1. Kazini. Mkuu wangu, Bambo Chipojola, alikuwa amezoea kwamba mvua ikinyesha Fostino hushuka akiburuza soli, akiishia mtaroni mara mbili, na kufika saa tatu. Hakuna aliyenuna. Nilihesabiwa kama sehemu ya hali ya hewa. Sasa nafika saa moja na nusu, mvua au jua. Wiki iliyopita aliniita mbele ya wenzangu, akanisifu, akanikabidhi funguo za ofisi ili niwe nafungua mimi. Wenzangu walipiga makofi. Tangu siku hiyo hawanisemeshi.

2. Ukimya. Raba zangu za zamani zilikuwa zinalia. Kuku walizijua, mbuzi walizijua, na akina mama wa kwaya wanaopanda asubuhi na kuni kichwani walizijua, wakawa wananipisha nikiwa bado mbali. Hizi za kwako hazina sauti. Siku ya tatu nilijikuta nimesimama katikati ya kwaya nzima, baiskeli imetulia kama imefungwa kamba. Mtu aliyesimama hawezi kupunga mkono tu akaenda zake. Ilibidi niwaamkie wote kumi na wanne, nijibu habari za nyumbani kumi na nne, na Mayi Nasiyaya, kiongozi wao, akasema kwa kuwa sasa nasimama, basi nimpelekee dada yake maboga mawili sokoni. Nimeshapeleka maboga kumi na moja.

3. Viatu. Haviishi. Sina la kuongeza.

4. Kaka yangu. Hili ndilo lililonifanya nikae chini niandike, na nakuomba ulisome taratibu.

Baba yetu alipofariki, wazee walinigawia mimi baiskeli yake kwa sababu nina kazi mjini. Kaka yangu mkubwa, Biswick, akabaki na pampu. Alisema wazee walitaja baiskeli, na pampu si baiskeli. Mimi nikasema maneno kuhusu kichwa chake. Yeye akasema maneno kuhusu harusi yangu. Hiyo ni miaka minne sasa, na nyumba yake iko kwenye kona, chini ya mteremko mkali kuliko yote, ambako siwezi kuikwepa nikishuka. Jioni mimi hurudi kwa njia ya nyuma, ambayo ni ndefu.

Kiangazi nilikuwa napita nikisema nimechelewa. Masika nilikuwa napita nikimwonyesha mkono wa breki kwa masikitiko, ajue kwamba mwenyewe ningependa kusimama ila chombo hakikubali. Naye alikuwa akikaa barazani akinitazama hadi nipotelee kwenye kona. Utaratibu huo haukumdhuru mtu.

Jumanne iliyopita mvua ilikuwa kubwa. Bata akavuka barabara mbele ya uwanja wa Biswick. Nikabana breki kwa mazoea tu, bila kutegemea kitu, na baiskeli ikasimama hapohapo. Bata akapita. Mimi na kaka tukabaki tunatazamana, yeye barazani na hindi la kuchoma mkononi, mimi njiani na maji yananichuruzika puani.

Nikatazama breki. Naye akazitazama. Akasema, "Zimeshika."

Nikasema, "Zimeshika, kaka."

Akasema, "Basi toka kwenye mvua."

Tangu hapo, Mama, mambo yangu yameharibika. Nilikalishwa. Nilipewa thobwa ya moto, kile kinywaji kizito cha mahindi na mtama. Shemeji yangu aliingia jikoni, akalia huko peke yake, kisha akatoka na kumchinja bata yuleyule niliyemnusuru, kwa heshima yangu, kwa hiyo hata bata hakufaidika na raba zako. Kaka akaniletea pampu. Nikaijaribu. Imekufa, haitoi hata pumzi ya kuzimia kibatari, na akakiri kwamba ilikufa mwezi uleule wa msiba.

Halafu akakohoa kwa muda mrefu. Nikamwuliza ni mafua, akasema ni kifua, na kwamba mwaka jana alilazwa wiki sita. Nazikumbuka wiki hizo. Nilipita asubuhi, baraza tupu, nikadhani amechoka kunitazama. Nakumbuka nilifurahi.

Jambo hili, Mama, sikuhitaji kulijua, au nilihitaji kulijua mapema zaidi. Raba zako zimenijulisha katikati, mahali pabaya kabisa. Sasa kila asubuhi nakuta vikombe viwili barazani. Nikipita bila kusimama atajua ni mimi, si breki. Umeniondolea kitu pekee nilichokuwa nacho cha kusingizia.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote:

Kwanza, unirudishie raba zangu za zamani, ulizozitupia kwenye lile kopo lenye misumari. Kama umeshazitupa, uniuzie zile za tairi, na umweleze Dorica kwamba ni za kisasa zaidi.

Pili, uniandikie cheti chenye mhuri wa duka kwamba breki zangu ni mbovu tena, nimwonyeshe Bambo Chipojola pamoja na kiongozi wa kwaya.

Tatu, ikishindikana yote, uniagizie aina ya raba zinazobagua: zinazoshika penye watoto, mifugo na daraja, lakini zikifika penye ndugu ziteleze.

Nikikosa jibu ndani ya siku saba nitalazimika kuja mwenyewe, na unajua kwamba nikija nitasimama.

Nisalimie jirani yako muuza spoki, yule fundi anayefunga magurudumu chini ya turubai, na wateja wote waliokuwepo siku ile wakanicheka kwa adabu.

Wako katika usumbufu,
Fostino Nakanga

Tanbihi: Asubuhi hii nilisimama kwa kaka nikamsomea barua hii, nione kama kuna mahali nimemwonea. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba tangu anunue baiskeli yake, mwaka juzi, hupita kwangu kila Jumapili akienda kanisani, na kwamba breki zake hukataa kushika penye mpera wetu, hata siku ya jua kali. Kwa hiyo maombi yangu yote matatu nayafuta. Naomba uniwekee jozi mbili za rangi ya udongo, za mbele na za nyuma, kwa ajili yake. Tutakuja Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe. Ukiona mtu anayefanana nami lakini anakohoa, ndiye yeye. Mpe kiti kwanza, bidhaa utamwonyesha baadaye.