Malalamiko Kuhusu Chakula Kilichopangwa Juu ya Mlango

Geita, 29 Desemba

Kwa Ndugu Evance Magesa,
Mwenyekiti, Kamati ya Krismasi ya Ukoo,
Nyasubi, Kahama.

Shemeji Mwenyekiti,

Shikamoo. Tumefika salama na watoto wamerudi kwenye ugali bila manung'uniko. Naandika kwa heshima zote kulalamikia chakula cha Krismasi. Dada yako Rosemary, aliyekuja likizo kutoka Uingereza, alikipanga kwa mtindo wa huko: vitu vyote baridi, vimetandazwa juu ya ubao mmoja, wageni wanauzunguka wakichukua wenyewe. Matokeo yake mama yenu Apolonia, ambaye ni mama mkwe wangu, aliondoka na njaa, na anayelaumiwa ni mimi. Hoja zangu ni hizi.

1. Ubao haukuwa ubao. Ulikuwa mlango wa stoo ambao fundi Bujiku bado hajaufunga kwenye fremu. Niliupima: mita mbili na sentimita tano. Ulisuguliwa vizuri, sikatai. Lakini tundu la kitasa lilijazwa zeituni, na mzee Ndaki, mchunga ng'ombe wa hapo kwenu, aliingiza vidole humo mara tatu akidhani haziishi.

2. Jibini lilikuwa la aina tatu, moja likiwa na ukungu wa bluu. Rosemary alieleza kwamba ukungu ndio utamu wenyewe. Mzee Ndaki akamjibu, "Mwanangu, kwangu hapo tungemtafuta aliyesahau kufunika kibuyu cha maziwa." Kando ya jibini hilo iliwekwa michembe, viazi vyetu vya kukausha. Watoto wangu, ambao nyumbani huikataa, waliigombania kwa kuwa ilikaa karibu na zabibu.

3. Hakukuwa na wa kupakua. Miaka yote kina mama wazee hupelekewa sahani ndani, sisi wakwe hupelekewa zetu kwenye turubai, na kila mtu anajua pake. Safari hii Rosemary alitangaza, "Leo hakuna kupakuliwa, kila mtu anajichunga!" Mzee Ndaki akauliza, "Miaka yote mimi ndiye mchungaji. Leo nani katufungulia zizi?" Watu walicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu inayofuata.

4. Unajua kwamba mkwe hali mbele ya mama mkwe wake, wala hamtazami usoni. Jambo hili nimelilinda miaka kumi na minane. Sasa tuliwekwa kwenye mlango mmoja. Niliposimama kwenye samaki wa Nkome, nikaona pindo la kitenge cha kijani cha mama linakuja. Nikahamia kwenye nyama. Pindo likafika kwenye nyama. Nikahamia kwenye zabibu. Niliuzunguka mlango mara kumi na moja, macho chini. Mkeo Coletha akasema mbele ya watu, "Baba Damian, si uketi? Au unatafuta ufunguo?"

5. Kwa kuwa sikumtazama, siwezi kuapa kwamba mama hakula. Lakini mimi, niliyeondoka kila alipofika, niliambulia karanga nne. Yeye naye bila shaka aliondoka kila nilipofika, kwa hiyo hakuzidi karanga nne. Saa tisa na robo alipanda gari la kurudi kwake Ushirombo bila kuniachia salamu. Tangu siku hiyo mke wangu Klara hasemi nami, isipokuwa kunieleza kwamba mama hatakanyaga kwetu Pasaka, siku ya ubatizo wa mjukuu wake.

Kwa hiyo naomba mlango ule ufungwe stoo mara moja. Ikishindikana, iwepo milango miwili, mmoja wa wakwe, na pazia katikati. Ikishindikana, awepo mtu mwenye kibendera wa kuwaruhusu watu kwa zamu. Na Kamati, kupitia Rosemary, iulize huko Uingereza wakwe husimama upande gani, maana haiwezekani nchi nzima iwe inashinda njaa kila Krismasi.

Wasalimie wote hapo nyumbani: Coletha, mzee Ndaki, fundi Bujiku, na Rosemary, ambaye sina neno naye nje ya haya niliyoandika.

Mkwe wenu asiye na kinyongo,
Mihayo (Baba Damian)

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, Klara amempigia mama simu kumwomba radhi. Mama ameshangaa. Anasema hajawahi kula Krismasi kama ile, kwa sababu kila alikogeuka alikuta mkwe wake ameshampisha. Aliondoka mapema akalale, kwa shibe. Ushirombo nzima ameshaitangazia adabu yangu. Kwenye ubatizo anakuja, kwa sharti moja, nalinukuu: "Rosemary alete mlango, na Mihayo azunguke vilevile." Tafadhali zifute hoja zote tano, na umwambie Bujiku asiufunge. Mimi nitakula mapema, jikoni.