Sikio la Kushoto na Jenereta ya Hai Amarat

Ijumaa, 1 Julai 2011

Habari kubwa! Ketty, meneja wa ile hoteli ya Hai Amarat, ametuita mimi na fundi mwenzangu Edrine. Wageni wa sherehe za Uhuru wa Sudan Kusini wanaingia wiki ijayo, vyumba vyote vimechukuliwa, na umeme wa mji huu tunaujua. Anataka fundi mmoja wa kudumu wa jenereta. Jumatano kila mmoja wetu atasikiliza mashine na kusema inaumwa nini. Atakayepatia, kazi ni yake.

Nusura nicheke. Mashindano ya kusikiliza! Na mimi! Mtu anayegusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akataja beringi inayolia! Sikio la kushoto, siku zote. La kulia ni la kusikilizia watu tu. Fundi gani Juba hajui hilo? Edrine ana nini? Kisanduku kipya cha spana.

Jioni nikaoga kwa furaha, nikajimwagia maji kichwani. Sikio la kushoto likaziba.

Jumamosi, 2 Julai

Bado limeziba. Sina wasiwasi. Sikio ni filta. Filta ikijaa taka hailazwi hospitali, inasafishwa. Nikachukua pini ya nywele ya Eseza, mke wangu, nikaizungusha ndani polepole. Ikatoka nta kidogo, rangi ya oili ambayo haijabadilishwa mwaka mzima. Nikafurahi mno! Nikaingiza tena, ndani zaidi. Sasa upande huo sisikii kabisa.

Eseza akasema Kator kuna kliniki, Daktari Lokosang husafisha masikio kwa maji ya uvuguvugu, dakika kumi umetoka. Nikamwuliza ameona wapi fundi akipeleka mashine yake kwa fundi mwingine. Tena Edrine anakaa hapohapo Kator. Akiniona kwenye benchi nimeshika sikio, Jumatano nina haja gani ya kwenda?

Jumapili, 3 Julai

Misa, Kator. Kwaya ilifanya mazoezi ya nyimbo za Uhuru, watu wakacheza hadi nje. Nadhani zilikuwa nzuri. Mimi nilisikia kama niko ndani ya jerikeni.

Wakati wa kutoka Edrine akanishika mkono, akanisemesha upande wa kushoto. Nikaona heri nicheke, ili asigundue. Nikacheka sana, nikampiga na kofi la begani. Njiani Eseza akanieleza kwamba Edrine alikuwa ananiambia mama mkwe wake amelazwa.

Hata hivyo hakugundua!

Jumatatu, 4 Julai

Nimeamka na wazo. Sababu ya nta kukwama ni ukavu, na dawa ya ukavu ni oili! Nikapasha mafuta ya simsim, nikalala ubavu, nikamimina kijiko kizima. Raha ya ajabu. Usingizi ukanichukua.

Nikaamshwa na kelele ambazo hata mimi nilizisikia. Nilikuwa nimelalia milaya. Si milaya yoyote, ni lile shuka ambalo Eseza amelidarizi miezi miwili, ndege na maua, la kuwauzia wageni wa Uhuru. Ndege mmoja sasa anaogelea kwenye mafuta. Nikamwambia mgeni atadhani ni bata. Hajanisemesha tangu saa nane, na kwa hali ya sikio langu ilinichukua muda kujua.

Jumanne, 5 Julai

Mafuta yanavuja shingoni. Nimesindilia pamba ili oili ifanye kazi ikiwa imefungiwa.

Mchana nikapata wazo kubwa kuliko yote. Upepo! Kabureta ikiziba tunaipuliza. Nikaenda kwa jirani anayejaza magurudumu upepo, nikashika mpira wa upepo, nikainamisha kichwa. Eseza akatokea sijui wapi, akaninyang'anya.

“Baba Kisakye, hiyo ni ya lori! Unataka kichwa ipasuke niwaambie watoto nini?”

Alikuwa analia. Nikaona aibu kidogo. Akaniomba twende kwa Lokosang, hata sasa hivi. Nikamwahidi nitakwenda baada ya mashindano, nikishakuwa fundi wa kudumu. Tumepatana. Kesho! Siwezi kutulia! Nimeng'arisha bisibisi mara tatu.

Jumatano, 6 Julai

Asubuhi nilitoa pamba. Ilitoka nusu. Nikaona nusu inatosha.

Edrine alianza. Akasikiliza kidogo tu, akasema jenereta ni nzima, ina filta chafu ya hewa na mkanda umelegea. Basi. Nikamhurumia.

Zamu yangu. Wafanyakazi wote wa hoteli walitoka kutazama. Nikaweka bisibisi, nikainama, sikio la kushoto. Ya Mungu! Tok. Tok. Tok. Wazi kabisa! Nikasimama nikamtangazia Ketty kwamba beringi kuu imekwisha, mashine itakufa kabla ya Jumamosi, na wageni wake watakula gizani. Ketty akashika kifua. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema naweka jina langu. Akaniruhusu nifungue.

Nikazima, nikafungua. Bolti baada ya bolti, juu ya gunia, mbele ya watu. Nikafika kwenye beringi. Inang'aa kama sahani ya harusi. Nikainama kuitazama vizuri, na hapo nikasikia tena. Tok. Tok. Tok.

Jenereta ilikuwa vipande vipande juu ya gunia.

Edrine hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alikunja mikono ya shati akanisaidia kuifunga. Saa nne nzima. Bolti mbili zilibaki, akajua pa kuziweka. Ikawaka mara ya kwanza.

Ketty, ambaye amekulia Arua, Uganda, na akikasirika hachagui maneno, alisema mbele ya wote: “Kalas, basi, fundi. Jenereta iko mzima. Mgonjwa ni wewe.” Kazi amepewa Edrine. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nimeumia, nakiri.

Alhamisi, 7 Julai

Kator, kliniki. Nilikaa benchi nusu saa, kila mtu akaniona. Daktari Lokosang alichungulia, akamwita nesi naye achungulie. Akapiga maji ya uvuguvugu, na vikatoka nta, pamba na mafuta ya kutosha kukaangia yai. Akasema ile tok tok ilikuwa mafuta yakicheza nyuma ya pamba.

Halafu dunia ikafunguka! Nilisikia saa ya ukutani! Nilisikia viatu vya mtu barabarani! Nikamkumbatia daktari. Akanikalisha chini akasema pini yangu ilikuwa imekwangua ndani, nina bahati sijatoboa kitu. Sikio hujisafisha lenyewe. Nisiingize chochote tena, hata pamba, na likiziba nirudi kwake. Nikaapa. Eseza alikuwa shahidi.

Jumamosi, 9 Julai

UHURU! Nilisikia kila kitu. Ngoma, vigelegele, ndege angani, wazee wakilia kwa sauti. Mimi ni mgeni hapa na nimelia pia. Milaya imenunuliwa! Mgeni kapenda huyo bata.

Na jambo lingine! Tulikutana na Ketty kwenye umati, amevaa bendera kama kilemba, mwenye furaha ya kusamehe kila mtu. Edrine amemwambia mimi ni fundi mzuri siku ambazo siumwi. Hoteli ina jenereta ya pili, ndogo, ya jikoni. Jumatatu niende niisikilize. Nikipatia, ni yangu!

Nimerudi nyumbani mbio kujipima. Kushoto, safi kabisa, nasikia chapati ikigeuzwa. Kulia pia nasikia. Lakini nikilinganisha, nadhani kulia kuko chini kidogo. Sasa kwa nini niingie Jumatatu na sikio moja na nusu? Daktari alikuwa anazungumzia la kushoto, nakumbuka vizuri, alikuwa amelishika.

Nimepewa kibendera cha karatasi kwenye sherehe. Nimekitoa kwenye kijiti kwa heshima, nimekikunja, nimekiweka mezani. Kijiti chake ni chembamba, kimelainishwa vizuri, tena hakijatumika. Eseza anauliza kutoka jikoni mbona nimenyamaza. Nimemwambia nashangilia.